Ndege Iliyoruka Kabla Haijajengwa

Ilikuwapo nchi, na huenda bado ipo kwa jina jingine, iliyoitwa Ung'aro. Mambo yanayosimuliwa hapa yalitokea katika ile miaka iliyo baina ya vita kuu mbili za dunia: ya kwanza, ambayo Ung'aro haikualikwa, na ya pili, ambayo ilijialika yenyewe ikafika watu wakiwa wameshaanza kukunja viti. Katika miaka hiyo ya katikati serikali haikuwa na adui wa kushughulika naye, kwa hiyo ilishughulika na wananchi.

Katika mji mkuu, Nurini, aliishi mhandisi aitwaye Hamduni Mwakio, mtu mrefu aliyezoea kuinama kidogo kama anayepita mlango mfupi, hata akiwa uwanjani. Serikali ilikuwa imempeleka ng'ambo kusomea madaraja. Huko akawaona vijana wakiruka kutoka vilimani kwa ndege zisizo na injini, akayasahau madaraja, akasoma upepo. Aliporudi alipewa cheo katika Idara ya Madaraja. Kazi yake ilikuwa kueleza kwa nini madaraja hayajajengwa, na kwa kuwa alikuwa mtu makini aliieleza vizuri, akapandishwa cheo.

Hamduni alilelewa na dada yake, Mashavu, katika Bonde la Mkurumo. Mama yao alifariki Hamduni akiwa bado anatambaa, na Mashavu, ambaye mwenyewe alikuwa msichana mdogo, alimfunga mgongoni akaenda naye shambani, kisimani na hata ngomani. Baadaye alikataa posa kadhaa kwa sababu wachumba walimtaka yeye bila mzigo wake. Mashavu alipenda kukisimulia kisa hicho huku akicheka, na Hamduni alikuwa akiinamisha uso kila kikisimuliwa.

Mkurumo imezungukwa na magenge ya miamba pande zote. Njia ya kutokea ni moja tu, nyembamba, imechongwa ubavuni mwa jabali, na masika huikata kila mwaka. Wagonjwa walibebwa kwa machela na wanaume walioajiriwa na serikali kwa kazi hiyo, watu wenye mabega mapana na maneno machache. Mvua ikinyesha sana, wagonjwa waliambiwa wangoje kiangazi, na baadhi yao hawakuweza kungoja.

Mwaka ule Mashavu aliota uvimbe tumboni. Daktari aliyepita bondeni alisema uvimbe unakatika, lakini si pale. Mgonjwa afikishwe hospitali ya Nurini, na asitikiswe sana njiani. Hamduni akaenda kumwona. Alimkuta amekaa mlangoni anachambua mbaazi.

"Watanibeba kama gunia la chokaa," Mashavu akasema. "Nikitikiswa nitafia jabalini, Hamdu, na kule hata kaburi halichimbiki. Mimi nitakaa hapa hapa."

"Nitakuja kukuchukua kwa ndege, dada."

"Itatua wapi? Kwenye kiganja changu?"

"Kwenye uwanja wa ng'ombe."

Mashavu aliacha mbaazi, akamtazama mdogo wake kwa muda. Hamduni hakuwa mtu wa kusema ovyo, naye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

"Haya," akasema. "Nitangoja."

* * *

Ndege zote za zama zile zilitaka uwanja mrefu kuliko bonde lenyewe. Hamduni aliwaza jambo hilo kwa miezi mingi. Mwishowe akaona kwamba kinachobeba ndege ni bawa, na vingine vyote vinabebwa. Mwili unabebwa. Mkia unabebwa. Basi akavitoa. Akachora ndege iliyo bawa tupu, pana, lenye ncha zilizorudishwa nyuma na kupindwa kidogo ili zifanye kazi ya mkia, na injini moja ndogo katikati. Abiria wangekaa ndani ya bawa lenyewe. Kwa wepesi wake ingeweza kutua polepole mahali padogo. Akaiita Popo.

Mkewe, Mwanakheri, aliyekuwa mwalimu wa shule ya wasichana, alimshonea kitambaa cha ndege ya mfano, kubwa kama mlango, yenye mbavu za mianzi. Wakaipandisha kilima kilicho nyuma ya machinjio, wakaisukuma kwenye upepo. Popo alikaa hewani kana kwamba amepumzika. Alipita juu ya machinjio, juu ya mbuzi waliokuwa wakingoja zamu yao, akageuka taratibu, akatua kwenye nyasi bila kuvunjika hata ufito mmoja. Mwanakheri aliteremka mbio kumfuata, kanga imemtoka kichwani, anapiga vigelegele peke yake. Wakakaa kwenye nyasi na ile ndege katikati yao kama mtoto. Katika maisha yake yote Hamduni hakupata siku nyingine kama hiyo.

Wiki iliyofuata aliipeleka serikalini.

* * *

Wizara iliyohusika ilikuwa Wizara ya Anga na Mambo Yaliyo Juu, na Waziri wake alikuwa Mheshimiwa Kingalu Maftaha, ambaye alikuwa hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko jukwaa. Aliizunguka ndege ya mfano mara kadhaa, mikono nyuma.

"Mkia wake uko wapi?"

"Hauna, Mheshimiwa."

"Umevunjika?"

"Haukuwapo tangu mwanzo."

"Ndugu Mwakio, kila kiumbe cha maana kina mkia, na asiye na mkia ana msafara. Hii itajulikanaje kwamba imepita?"

Hamduni alieleza habari za ncha zilizopindwa. Waziri alitikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayesikiliza mvua.

"Na abiria wanakaaje?"

"Ndani ya bawa, bega kwa bega, mstari mmoja. Wote wanatazama mbele kupitia vioo."

"Nani anakuwa mbele?"

"Wote wako mbele, Mheshimiwa."

Karani aliyekuwamo chumbani aliinuka akafunga dirisha.

"Na nyuma?"

"Nyuma hakuna mtu."

"Yaani," Waziri akasema kwa sauti ya chini, "Mlezi Mkuu wa Taifa akipanda, na mchunga ng'ombe akapanda, watafika pamoja?"

"Pamoja kabisa."

"Hata dakika moja hawatapishana?"

"Hapana, Mheshimiwa."

Waziri alitoa leso akajifuta shingo. "Ndugu yangu, wewe umechora siasa. Ndege utaichora lini?"

Jambo lile lingeishia hapo. Lakini siku chache baadaye Mlezi Mkuu, mtawala wa nchi, alisikia kwamba nchi jirani imeagiza ndege, akakasirika, akaamuru Ung'aro iwe na yake, na iwe imetengenezwa na mwana wa nchi. Popo akapitishwa, pamoja na marekebisho. Akaongezewa mkia wa heshima. Akaongezewa roshani ya kupungia mikono, na kiti kimoja kilichotangulia vingine. Jina likabadilishwa, akaitwa Fahari ya Mlezi. Hamduni alijaribu kueleza kwamba kila kilichoongezwa kinarefusha uwanja wa kutulia, na bonde halirefuki. Akaambiwa bonde litapewa maelekezo.

Jioni ile alimwambia Mwanakheri, "Nitawakubalia yote. Siku ya kuruka nitaufungua ule mkia niuache chini."

"Na roshani?"

"Roshani itaanguka yenyewe."

Alipotakiwa kuandika faida za ndege kwa taifa, aliandika faida moja tu: kwamba itawatoa wagonjwa wa Mkurumo. Baadaye aliyajutia maneno hayo.

* * *

Ujenzi ulianza kwa kishindo. Kwanza kilijengwa kiwanja cha ndege, chenye ukumbi wa wageni mashuhuri, ukumbi wa wageni mashuhuri zaidi, na banda la wananchi lisilo na paa ili waizoee anga. Zikashonwa sare za marubani, na sare za watakaowapigia marubani saluti. Ukatungwa wimbo. Ikachapishwa stempu yenye picha ya Fahari ya Mlezi ikipasua mawingu, mkia juu.

Mbao nyepesi alizoagiza Hamduni kwa ajili ya mbavu za bawa zilifika salama. Zikajengewa jukwaa ambapo Waziri alisimama kutangaza kwamba mbao zimefika. Kitambaa cha kulivika bawa kilishonwa bendera za kulipamba jukwaa hilo. Injini nayo ilikuja, ndogo, safi, inanukia mafuta mapya. Hamduni aliipapasa kama mtu anayempima mtoto homa. Wiki moja baadaye haikuwapo. Aliifuatilia mpaka Ikulu, akaikuta bustanini inasukuma maji ya chemchemi mbele ya sanamu ya Mlezi Mkuu.

"Itarudishwa, bwana," mtunza bustani alimwambia kwa huruma. "Wakiyachoka maji."

Hamduni alirudi nyumbani, akakaa bila kuvua viatu.

"Wamekubakishia nini?" Mwanakheri akauliza.

"Mkia. Umekamilika. Wa shaba. Wanausugua kila siku."

Mwanakheri akaangua kicheko, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha Hamduni akaona kwamba hacheki tena.

* * *

Siku ya Kuruka ilipofika, Nurini nzima ilimiminika kiwanjani. Mlezi Mkuu alipanda jukwaa, akanyamazisha tarumbeta kwa kidole.

"Wananchi! Ndege yenu imesharuka. Iliruka alfajiri, mkiwa mmelala. Niliamuru iruke kimya kimya, isiwakatishe usingizi, maana mimi ni mlezi wenu na mlezi hamwamshi mtoto. Imezunguka nchi yote, imerudi, sasa inapumzika. Ipigieni makofi."

Watu walipiga makofi, kwanza moja moja kama wanaoua mbu, kisha kwa nguvu walipoona askari wanawatazama mikono. Hamduni alivishwa nishani ya daraja la pili. Ya daraja la kwanza ilipewa ndege, ikafungwa kwenye ule mkia wa shaba.

Ndipo Waziri akasoma faida za ndege kwa taifa. Faida ilikuwa moja. Kuanzia wiki ile, akasema, Fahari ya Mlezi itatua Mkurumo kila Alhamisi kuwachukua wagonjwa bila malipo. Hamduni alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka kwenye kipaza sauti.

* * *

Masika yalipokuwa yamepamba moto, mtu mmoja alibisha hodi kwa Hamduni, magoti yamechubuka, kucha zimekatika. Alikuwa Kihedu, mmoja wa wabebaji wa Mkurumo, aliyecheza na Hamduni utotoni.

"Umepitaje jabalini mvua hii?" Hamduni akamuuliza, akimkalisha.

"Kwa kucha, ndugu yangu. Njia imekatika. Zamani jiwe likianguka tuliliondoa sisi, sasa tumefutwa. Mkuu wa wilaya kasema wabebaji ni aibu kwa nchi yenye ndege. Machela zimechukuliwa, zimewekwa makumbusho."

"Na dada?"

Kihedu alipokea chai kwa Mwanakheri, akaishika bila kunywa. "Kila Alhamisi tunaondoa ng'ombe asubuhi, tunamtoa na kitanda chake. Yeye na wenzake. Wanakaa wanatazama juu mpaka jua linawazidi, au mvua, tunawarudisha. Alhamisi iliyopita Bi Kipaji tulimrudisha ameshakata roho, macho bado yako juu. Ilibidi nimfumbe mimi."

"Dada anasemaje?"

"Anasema umechelewa kidogo, na kuchelewa si tabia yako. Ndiyo maana nimekuja kuuliza. Kuna nini?"

"Kihedu, ndege haipo."

"Tunajua haipo. Kila Alhamisi tunaona haipo."

"Haipo popote. Haikujengwa."

Kihedu alimtazama, akamtazama Mwanakheri, akarudi kwake. "Lakini mimi nimeiona kwenye stempu," akasema polepole.

Kihedu aliweka kikombe chini, akatoka. Alikwenda moja kwa moja sokoni, akasimama katikati ya wauza nyanya, akauliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kuitana majabalini: ndege iko wapi? Kabla ya magharibi alikuwa rumande, kwa kosa la kuangalia juu bila heshima.

* * *

Hamduni alikwenda kwa Waziri, safari hii bila kuitwa.

"Mheshimiwa, tutangaze kwamba ndege haijakamilika. Watu wanakufa uwanjani wanaingoja."

"Haiwezekani. Imeshapewa nishani. Tangu mwezi uliopita ina cheo cha kanali. Unataka niseme jeshi lina kanali asiyekuwapo?"

"Linao wengi wasiokuwapo."

Waziri hakumkemea. Aliinuka akafunga mlango mwenyewe, akakaa kiti cha wageni, na kwa mara ya kwanza Hamduni akaona kwamba ni mzee. "Unadhani mimi nalala?" akasema. "Mama yangu mzazi ananiuliza kila nikimwamkia: mwanangu, lini utanipandisha ile ndege? Nimemwambia moyo wake hauruhusu. Moyo wake mzima kabisa. Nimemtia mama yangu ugonjwa kwa ajili ya kitu hiki."

Kisha Waziri akainua kichwa taratibu.

"Inaweza kuanguka."

"Nini?"

"Ndege. Iliyoruka inaweza kuanguka. Ikianguka, hakuna atakayeingoja." Uso wake ulianza kurudi uwaziri. "Ila ajali isiyo na marehemu haina heshima. Lazima awepo mtu ndani. Mtu ambaye taifa litamlilia."

Hamduni alielewa kabla hajaambiwa.

"Na nikikataa?"

"Basi itaanguka kwa hujuma, na mhujumu atakuwa hai, na sheria unaijua. Shujaa marehemu au mhaini mzima, ndugu yangu. Mimi ningependa uwe shujaa. Nakwambia kwa mapenzi."

Hamduni aliwaza uwanja wa ng'ombe na vitanda vilivyopangwa kwenye umande. Akasema atakufa kwa masharti matatu: Kihedu aachiwe, Mkurumo waarifiwe siku hiyo hiyo waache kungoja, na wabebaji warudishwe kazini. Waziri alikubali mawili ya kwanza papo hapo. Kuhusu wabebaji alisema watafikiriwa. Hamduni alishikilia, Waziri akasema watafikiriwa sana.

* * *

Mwanakheri aliisikiliza habari hiyo akiwa amesimama, mikono ina unga.

"Na mimi nitakuwa nani?"

"Mjane wa Taifa. Utapewa nyumba na walinzi."

"Nikae eda? Mume wangu anapumua, nikae eda?"

"Mwanakheri, wanangoja kule. Kila Alhamisi."

"Najua," akasema. "Sijasema usiende. Nauliza tu mimi ninafanywa nini." Alijipangusa unga, akamshika uso kwa mikono miwili. "Basi usife mbali sana."

"Nikishafika Mkurumo nitatafuta njia ya kukuita."

Mazishi yalifanyika kiwanjani, kwa mizinga. Hamduni alisimama katika banda lisilo na paa, kofia imevutwa mpaka kwenye nyusi, na Kihedu aliyeachiwa asubuhi ile akiwa pembeni yake. Jeneza lilibebwa na makanali wa kweli, nao walilemewa, kwa sababu ndani ulitiwa mkia wa shaba, kitu pekee kilichookolewa katika ajali. Mlezi Mkuu alilia kwa kituo. Kisha akaletwa Mwanakheri, amevaa nyeupe, walinzi kila upande, akakabidhiwa bendera iliyokunjwa. Alikigusa kitambaa chake, akakitambua kuwa ni kile cha bawa, na hapo akapiga ukelele ambao haukuwamo katika ratiba.

"Maskini, alimpenda," akasema mama mmoja aliyesimama karibu na Hamduni, machozi yanamtiririka. Akamgeukia. "Na wewe baba, humlilii marehemu?"

"Ninamlilia," Hamduni akasema.

Walinzi walimzunguka mjane ili majonzi yake yasisumbuliwe, wakamwondoa. Hamduni alinyoosha shingo mpaka asiweze kuona tena. Kihedu akamvuta mkono, wakaelekea Mkurumo.

* * *

Walipita jabalini kwa kutambaa. Habari ilikuwa imewatangulia: tarishi alikuwa amesimama juu ya genge, akapiga baragumu, akatangaza kuelekea chini kwamba Fahari ya Mlezi imeanguka na Hamduni Mwakio amefia ndani yake, kisha akarudi zake. Kwa hiyo Hamduni alipotokea kwenye mihogo, wanawake walitupa mitungi wakakimbia.

Mashavu hakukimbia. Alikuwa amelazwa mlangoni, amekonda, tumbo limempanda kama la mja mzito. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Umekuja kunichukua," akasema. "Sikujua kumbe wanatumwa watu wa nyumbani."

"Dada, mimi si mzuka. Nishike."

Alimshika kifundo cha mkono, akabonyeza, akabonyeza tena. "Lakini wamesema umeanguka."

"Sikuanguka. Ndege haikujengwa."

"Haikujengwa kabisa?"

"Mkia tu."

Hamduni alikuwa amejiandaa kwa lolote isipokuwa lile lililotokea. Mashavu alianza kucheka. Alicheka ameshika tumbo kwa maumivu, machozi yanamwingia masikioni, akitaka kuacha na hawezi. "Ewe Mola wangu! Nami nimekulilia siku zote hizi! Nikajiambia, mtoto nimemlea mwenyewe, nikamtuma angani akafe kwa ajili ya uvimbe wangu."

"Nilikuahidi, dada. Umepigwa na jua na mvua kwa ahadi yangu. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Ingejengwa ungekuwamo! Haikujengwa, umekuja kwa miguu yako." Alipumua kidogo kidogo mpaka kicheko kikapoa. "Hebu nieleze. Mimi ningekaa wapi?"

Hamduni aliketi chini, akamweleza. Ungekaa ndani ya bawa, kwenye kioo, bega kwa bega na Bi Kipaji na wengine, wote mbele, hakuna wa nyuma. Mngeyaona magenge kwa juu, madogo kama matuta ya mihogo. Isingetikisika sana.

"Na huyo Mlezi Mkuu wenu?"

"Angekaa pembeni yako."

"Angenibana," Mashavu akasema, akafumba macho, anatabasamu.

Siku ile ile Kihedu aliwakusanya wabebaji wenzake. Hawakuwa na kazi wala machela, lakini walikuwa na majembe. Wakaenda jabalini kuifungua njia, Hamduni pamoja nao, mvua ikiwapiga. Walipata kuondoa mawe ya mwanzo na kutandika magogo pale ukingo ulipoporomoka. Zaidi ya hapo palikuwa na pengo baya. Walikuwa bado wanaliziba pengo hilo asubuhi iliyofuata waliposikia sauti ikiwaita kutoka chini, na Hamduni alijua kwa namna walivyomwita, kwa upole, jina lake lote. Mashavu alikuwa amefia mlangoni pake, kama alivyotaka, si jabalini. Walimzika nyuma ya nyumba, ambako udongo ni laini. Hamduni alichimba peke yake na hakuna aliyemnyang'anya jembe.

Baada ya hapo alirudi kwenye pengo. Wakalivuka mwisho wa masika.

* * *

Miaka ikapita. Wabebaji wa Mkurumo waliendelea kufikiriwa. Wakati wakifikiriwa, walibeba, kwa machela za fito na magunia, bila mshahara. Hamduni alibeba nao. Bondeni waliacha kulitaja jina lake mbele ya wageni, wakamwita Mrefu, na kwa urefu wake alipewa upande wa bonde kila njia inapoinama, ili mgonjwa alale sawa. Kila masika njia ilikatika na kila kiangazi waliifungua, kila mwaka pana zaidi kidogo. Mara nne au tano alimtumia Mwanakheri salamu kwa watu waliokwenda Nurini. Wote walirudi wakisema nyumba ya Mjane wa Taifa haisogelewi, ina walinzi wa heshima.

Mwaka mmoja serikali iliamua kusimika jiwe la kumbukumbu katika uwanja wa ng'ombe, mahali ambapo Fahari ya Mlezi ilitua mara nyingi. Afisa wa Wizara, mtu mnene, mchangamfu, asiye na ubaya wowote, alitumwa kulizindua. Alipanda mpaka nusu ya jabali, akateguka mguu. Wabebaji wakamlaza kwenye machela pamoja na hotuba yake.

"Njia gani hii!" akalalamika, ameshika ufito. "Ndiyo maana tulileta ndege." Akamgeukia mbebaji aliyekuwa karibu na kichwa chake. "Wewe mrefu, uliwahi kuiona?"

"Hapana, mheshimiwa. Tulikuwa tunaingoja."

"Bahati mbaya. Ilikuwa nzuri sana. Mimi mwenyewe nililia ilipoanguka."

Wakatembea. Palipoinama, Hamduni aliinua ufito begani. Alikuwa ameapa kutouliza, na aliweza kujizuia mpaka kona ya pili.

"Na mjane wa yule mhandisi, hajambo?"

"Hajambo, anazeeka kwa heshima. Hataki kuolewa. Kila mwaka anatuandikia anaomba ruhusa aje huku Mkurumo kuweka shada. Bi mkubwa yule, king'ang'anizi! Kila mwaka tunamkatalia."

"Kwa nini?"

"Si unaona mwenyewe? Njia mbaya."

Kihedu, aliyebeba upande wa mbele, alisikia pumzi ya mwenzake imebadilika, akapunguza mwendo.

"Mheshimiwa," Hamduni akasema hatimaye, "ukirudi, tafadhali mwambie njia tunaitengeneza."

"Nimwambie nani kasema?"

Hamduni aliukaza ufito begani, akatazama mbele penye mawe.

"Mwambie wabebaji."